Nimonia inayoua kijana mzima wa afya: tunayoambiana na ukweli wake

Huku Tanga kijana akibanwa kifua lawama ya kwanza inaenda kwa feni, au kaoga maji ya baridi usiku, au upepo wa kusi umempiga kwenye bodaboda. Jamani baridi peke yake haileti nimonia, inaletwa na vijidudu, na leo naongelea kimoja tu, stafilokokasi, kile kile cha majipu, manake ipo aina yake iliyokuwa sugu kwa dawa na ikishuka kwenye mapafu inaweza kumuua mtu mwenye afya zake ndani ya siku chache.

Wengi wanasema vijidudu sugu viko hospitali tu, vinawapata waliolazwa muda mrefu. Zamani ndo ilivyokuwa. Kati ya 1997 na 1999 kule Marekani, Minnesota na North Dakota, walifariki watoto 4 kwa stafilokokasi hii sugu, mkubwa wao miaka 13, walikuwa wazima na kijidudu walikipata mtaani. Karibu mtu 1 kati ya 3 anatembea na stafilokokasi puani bila kuumwa chochote (wengi ni ile isiyo sugu), inahama kwa mikono, wembe, taulo. Angalia tunavyolifanya jipu: mtu analibinya kwa kucha hapo barazani, usaha anafutia upande wa khanga, khanga inarudi begani, saa hiyo hiyo anamfuta mtoto kamasi kwa mkono ule ule. Sisemi kila jipu litaleta nimonia, hapana, ila lifunike, nawa na sabuni, taulo kila mtu na lake.

Eti nimonia ni ya wazee na vichanga. Hii ya stafilokokasi inakamata hata vijana, na mara nyingi inakuja nyuma ya mafua makali, mtu anaanza kupata nafuu halafu ghafla homa inapanda upya, anahema juu juu, kichomi, makohozi yana damu. Hapo mmoja anasema malaria, mwingine anasema TB, wanakubaliana apelekwe Jumatatu. Msisubiri Jumatatu! TB kwa kawaida inakwenda wiki kwa wiki, hii inakwenda kwa masaa, na baadhi ya vijidudu hivi vina sumu inayoua chembe nyeupe za damu na kuliozesha pafu.

Sasa duka la dawa, hapa ndo naumia kweli. Ngamiani pale mtu anafika, "dada nikatie amoksilini sita", mkasi unapita kwenye karatasi ya vidonge, hamna cheti, hamna aliyeuliza anaumwa nini. Kwa kijidudu hiki amoksilini haifui dafu, na ile sindano ya seftriaksoni tunayoiamini nayo haikiwezi, sindano kuuma sio kwamba ina nguvu. Zinazokiweza ni kama vankomaisini ya kwenye dripu au linezolidi, na hizo ni za kupewa na daktari. Halafu "mwili wangu umeshazoea amoksilini", mwili hauzoei, vinavyozoea ni vijidudu, ndo maana hata asiyewahi kumeza antibayotiki anaweza kuambukizwa kilicho sugu kutoka kwa jirani.

Na akina mama wanaosema mwanangu kashachanjwa nimonia: chanjo ile ya wiki ya 6, 10 na 14 ni muhimu sana, wapelekeni, ila inakinga kijidudu kingine, numokokasi. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa katulia, au kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, mbebe twende, iwe hospitali ya Bombo au kituo cha karibu. Ukifika sema yote, alikuwa na mafua, alikuwa na jipu, kameza dawa gani na vidonge vingapi, manake makohozi na damu vikioteshwa maabara kutafuta kijidudu majibu yanachukua siku 2 au 3 na dawa inatakiwa ianze leo, kwahiyo daktari anachagua dawa kwa hayo utakayomwambia.