Koili kusomeka rizista haimaanishi imeungua
Wadau, ile meseji inayozunguka kwenye magrupu ya mafundi hapa Dodoma, eti ukipima koili (waya uliozungushwa) kwa zile testa za bei poa zinazotambua kipuri zenyewe, ikaonyesha rizista, yaani kipuri cha ukinzani, basi imeungua, sio kweli, na naomba tuache kuifowadi maana watu wanatupa koili nzima za redio za wateja, inauma sana. Testa nyingi za hivi zinaanza kusoma koili kwenye mikrohenri (kipimo cha koili) 10 hivi, chini ya hapo zinaona ukinzani wa waya tu, ndo panapochanganya. Jaribu mwenyewe, nunua koili mpya ya 4R7, yaani mikrohenri 4.7, itasoma rizista vilevile, halafu weka ya 101, yaani mikrohenri 100, inakuja kama koili ya 0.10mH (milihenri). Ila koili ya redio ichomoe kwenye bodi kwanza jamani! Iliyokatika waya haionyeshi kitu kabisa.