Fonti nene ya serifu: ipime kwanza kwa herufi a

Siku hizi kila lebo mpya ya sabuni, asali au siagi ya karanga ninayokutana nayo hapa Dar imevaa fonti nene ya serifu, ile yenye vijimguu kwenye ncha za herufi, na mi sina shida nayo maana ndo kazi inayonilisha. Ishu ni kwamba wengi wanaichagua kwa kuangalia jina lake lilivyoandikwa kwenye menyu ya programu, na hilo jina ni la kizungu, herufi zake sio zile zitakazokaa kwenye kopo lako.

Chukua neno Karanga. Herufi saba, tatu ni a. Kiswahili ndo kilivyo, a imejaa kila kona, kwa hiyo ukichagua fonti ya hivi umechagua a, zingine wasindikizaji tu. Sasa a ndogo ya serifu ina ghorofa mbili, tumbo chini na shingo inayopinda juu yake, na ukiongeza unene wino unakula kwa ndani, tundu la tumbo linabaki kitobo na ule uwazi wa juu unazibika. Mchoraji wa fonti anayejua kazi anapakondesha pale tumbo linapoungana na mguu, mistari ya kulala anaifanya myembamba kuliko ya kusimama, na kimo cha herufi ndogo anakipandisha ili matundu yapate nafasi. Afu angalia r ikifuatwa na a: nyingi za fonti hizi zina kitone cha duara kwenye ncha ya r upande wa kulia na kingine kwenye shingo ya a upande wa kushoto, yaani vitone viwili vinatazamana uso kwa uso, na fonti ikiwa imechorwa kizembe vinagusana. Hapo hapo andika Karanga, Biashara, Furaha, utaona.

Unene wenyewe uko wa aina mbili na watu wanauchanganya. Kuna ule wa London mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za mabango ya bahati nasibu, ambapo mistari ya kusimama ni minene kupitiliza na ya kulala ni kama uzi. Abril Fatface, ambayo ni ya bure, imetoka ukoo huo. Halafu kuna Cooper Black, ya Oswald Cooper wa Chicago, ilitoka 1922, laini kila kona, vijimguu vyake vimeviringwa hadi huoni ncha kali popote, na tofauti ya mstari mnene na mwembamba ni ndogo. Ndege za easyJet, shirika la Uingereza, zinaandikwa jina kwa fonti hiyo.

Kwa barabara zetu mi nachagua ukoo wa Cooper bila kufikiria mara mbili. Bango la flex, lile turubai la plastiki, pale Morogoro Road linasomwa na mtu aliyesimama kwenye mwendokasi, jua kali, vumbi juu yake, ile mistari ya uzi inapotea na herufi inabaki vipande vipande, n inageuka nguzo mbili. Stika ya kukata kwa mashine ndo kabisa, uzi unachanika wakati fundi anabandua. Ukoo wa London uweke kwenye kadi ya harusi au send-off, karatasi nzuri, mtu kaishika mkononi, pale unapendeza sana sana.

Herufi kubwa nazo zina mambo yake. WA, AWA, YA, hizo tunazo kila sentensi, na kwenye fonti nene zinaacha mabonde. Andika WANAWAKE kwa saizi kubwa uone, N na A zimebanana wakati W na A kati yao panapita bajaji. Usiiachie programu, sogeza kwa mkono jozi moja moja. Na ile ng' ya ng'ombe: g ya serifu mara nyingi ina kisikio juu kulia, kinagonga kile kialama, kwa hiyo panua kidogo, na weka alama iliyopinda kama 9 ndogo, ile iliyonyooka kama msumari ni kosa linaloonekana haraka kwenye fonti nene.

Mteja akisema kaka ongeza boldi wakati fonti tayari ni nene, mkatalie kwa upole. Kile kitufe kwenye fonti isiyo na unene zaidi kinaongeza tu mstari kuzunguka herufi, na a zako zote zinaziba. Kuivuta kwa pembeni ijae bango pia hapana, mistari ya kusimama inanenepa, ya kulala inabaki vile vile. Kama unataka nafasi ya kucheza chukua Fraunces, ni ya bure hata kwa biashara, unabadilisha unene, ulaini na umbo la kufaa saizi ya kusomwa, kubwa au ndogo, ndani ya faili moja, ila aya ndefu usiiandike kwa ule unene wa mwisho, maneno matatu manne yanatosha.

Na kabla hujapeleka kazi Kariakoo kuprinti, geuza maandishi yote yawe kevu, yaani michoro isiyohitaji fonti tena. Kompyuta ya pale ikikosa fonti yako inaweza kuweka nyingine kama Arial kimya kimya, na utaijua wakati bango limeshatoka kwenye mashine.