Mshale wa oili umelala: pima kwanza, ndipo uzungumzie kushusha injini

Mwezi uliopita Land Cruiser pikapu, zile tunazoziita mkonga, iliingia gerejini kwetu Mwanga hapa Kigoma ikitokea Kasulu. Mwenyewe ni mama anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi na kuuza Kasulu na Kibondo. Alishuka yeye kwanza, dereva akabaki amekaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa injini hii ni ya kushusha. Niambie ukweli, maana hela ya kushusha injini ndiyo hela yangu ya mzigo."

Shida yenyewe ilikuwa mshale wa geji ya oili. Asubuhi injini ikiwa ya baridi unasimama vizuri. Gari likishapasha moto na kupanda milima, unaanza kushuka. Likisimama sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, mshale unalala chini kabisa. Fundi mmoja alimwambia beringi zimekwisha. Mwingine alisema geji ni mbovu, chomoa waya uendelee na safari. Wote wawili hawakupima chochote, na hilo ndilo lililonifanya niandike leo. La kwanza lingemla mama huyu mtaji wake wote. La pili lingemwachia injini iliyokufa porini.

Tuanze na kile geji inachokipima. Pampu ya oili haitengenezi presha, inasukuma oili tu. Presha inatokea pale oili inapobanwa kupita kwenye nafasi finyu, hasa kati ya krenki, ile shafti kuu ya injini, na beringi zake. Ukiwa unamwagilia bustani, ukaziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole, maji yanaruka mbali, na ukiachia kidole yanaangukia miguuni. Kwenye injini isiyo na kasoro nafasi hiyo ya beringi ni nyembamba kuliko unywele wa kichwa. Ikipanuka kwa kulika, presha inashuka. Oili yenyewe ikiwa nyepesi mno inateleza kupita bila kubanwa, na presha inashuka vilevile hata kama beringi ni nzima. Kwa hiyo mshale mmoja unaoshuka unaweza kuwa na habari mbili tofauti kabisa, na dashibodi haiwezi kukuambia ni ipi.

Utando huo wa oili ndio unaozuia chuma kisile chuma. Sisi wa Kigoma tunao mfano wa kile ambacho mafuta yanaweza kukilinda. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao ziwani karibu na mdomo wa Malagarasi, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kabla haijaenda chini. Waingereza waliinyanyua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kila nikiona injini iliyoungua kwa kukosa lita mbili za oili, naikumbuka meli ile.

Sasa geji. Kwenye pikapu nyingi za Toyota za miaka ya nyuma, nyuma ya mshale kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikana kinachopinda kikipata joto la umeme. Waya mmoja unatoka hapo hadi kwenye sensa iliyofungwa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na sensa inapata ethi, njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha gari, kupitia nyuzi zake yenyewe za kukazia. Presha ikiwa kubwa, umeme unapita zaidi, kipande kinapinda zaidi, mshale unapanda. Kwa kuwa kinategemea joto, mshale ule ni mzito. Ukiwasha gari unapanda taratibu kwa sekunde kadhaa, na huo si ugonjwa.

Kwa hiyo kabla ya kuigusa injini, ukague umeme. Chomoa waya wa sensa, fungua swichi bila kuwasha injini. Mshale unatakiwa ukae chini kabisa. Halafu chukua balbu ndogo ya wati 3 hivi yenye volti za gari hilo, unganisha ule waya na ethi kupitia balbu. Balbu iwake na mshale upande. Ukipanda, geji na waya ni vizima. Usigusishe waya moja kwa moja kwenye chuma ukauacha hapo. Nimeona geji nzima zikiunguzwa kwa njia hiyo, na mwenye gari akauziwa nyingine. Na ujue kwamba baadhi ya pikapu za Kimarekani geji zake hufanya kinyume: waya ukikatika mshale unakimbilia juu.

Sensa nayo inapimika kwa balbu hiyohiyo. Toa umeme wa chanya kutoka kwenye betri, upitishe kwenye balbu, upeleke kwenye kichwa cha sensa. Injini ikiwa imezimwa, balbu isiwake. Washa injini: balbu inaanza kupepesa, na ukikanyaga mafuta inapepesa haraka zaidi. Kijana wangu wa gereji alipoiona mara ya kwanza alinyamaza akaitazama kwa muda mrefu, kwa sababu pale ndipo alipoiona presha ya oili kwa macho yake. Balbu ikikaa imewaka tu, au isiwake kabisa injini ikinguruma na oili ipo, sensa hiyo inakushuhudia uongo.

Kuna kosa moja nalikuta sana: mtu amefunga sensa mpya na kuizungushia utepe mweupe wa mabomba mizunguko mingi ili isivuje. Utepe ule unaikatia sensa ethi, mshale haupandi, na sensa mpya inaitwa feki. Tena nyuzi za sensa za Kijapani na za Kimarekani za ukubwa huu zinakaribiana sana lakini si sawa: ya Kijapani ina nyuzi 28 kwa inchi, ya Kimarekani 27. Inaingia mizunguko ya mwanzo vizuri, kisha inakaza. Ukilazimisha kwa spana umeharibu tundu la bloku. Ikikaza mapema, itoe.

Baada ya umeme, kifaa ninachokiamini kuliko vyote ni geji ya mkono, ile yenye mpira na saa yake ya duara isiyotumia umeme. Unatoa sensa, unaifunga geji kwenye tundu lilelile, unawasha injini. Ipashe mpaka iwe moto kamili, maana presha ya injini ya baridi inamfurahisha kila mtu. Kwa dizeli nyingi za Toyota za enzi hizo, kitabu cha ufundi kinataka injini ya moto ikiwa sailensa isishuke chini ya kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba, yaani psi (pauni kwa inchi ya mraba) 4 hivi, na kwenye mizunguko 3000 kwa dakika iwe kati ya kilo 2.5 na 6, sawa na psi 36 hadi 85. Watu wengi wanashtuka kusikia kwamba psi 4 inakubalika. Inakubalika kwenye sailensa tu, kwa sababu pale injini haina mzigo. Presha ambayo haipandi ukikanyaga mafuta ndiyo inayonitia hofu.

Kwa mkonga wa mama yule, geji ya mkono ilikubaliana na dashibodi. Sailensa ikiwa ya moto ilisoma kilo 0.2. Kwenye 3000 ilifika 1.5, ikagoma hapo. Basi aliyesema geji ni mbovu alikosea, na waya ungechomolewa dereva angeendelea kupanda milima akiwa kipofu.

Lakini beringi nazo? Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, na hapo ndipo jambo lilipogeuka. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu vidole viwili. Nikamuuliza dereva ameongeza lini.

"Sijaongeza, fundi. Gari hili halipungui oili, tunalisifia kwa hilo."

Injini iliyofanya kazi miaka mingi isiyopungua oili hata kidogo ni ya kutiliwa shaka, na inayoongezeka ni mgonjwa. Nilidondosha tone la oili ile kwenye karatasi nyeupe, nikaiacha juu ya boneti kwa muda wa kunywa chai. Katikati lilibaki doa jeusi, na kulizunguka likatokea duara pana lenye mwanga, kama karatasi iliyoshikwa na mkono wenye mafuta ya taa. Nikanusa kijiti, nikampa mama naye anuse. "Dizeli," alisema kabla sijamwambia.

Pikapu hii ina injini ya 1HZ, silinda sita, cc 4164. Kwenye injini hiyo pampu ya dizeli inazungushwa na gia zilizo ndani ya kava la mbele, na gia hizo zinalainishwa na oili ya injini. Sili, yaani mpira wa kuzuia kuvuja, ya shafti ya pampu ikichoka, dizeli haidondoki chini ukaiona. Inaingia kwenye kava, inateremka kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, inachanganyika na oili. Nje gari ni kavu kabisa. Oili inakuwa nyepesi siku hadi siku, na ikipata moto inakuwa kama maji. Kwenye Hilux za 2L, 3L na 5L pampu inaendeshwa na mkanda mkavu, kwa hiyo sili ikivuja dizeli inatokea nje. Huko ukikuta dizeli kwenye oili, anza na nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, kama zinadondosha.

Tulishusha pampu, ikapelekwa kwa fundi wa pampu akabadilisha sili. Tukamwaga oili, ikatoka zaidi ya tuliyoitarajia, nyeusi na nyepesi kama chai ya rangi. Tukaweka filta mpya na 15W-40 ya dizeli mpaka kwenye alama, si zaidi. Nikafunga tena geji ya mkono. Sailensa ikiwa ya moto: kilo 0.9. Kwenye 3000: 3.8. Beringi zake ni nzima.

Si kila gari linatoka hivyo. Geji ya mkono ikisoma chini na oili ikawa safi, ya daraja sahihi, kwenye alama yake, hapo nashusha sampu. Ninatazama kwanza chujio la pampu, kama limezibwa na tope la oili iliyokaa muda mrefu, na gasketi ya bomba lake, kwa sababu ikipasuka pampu inavuta hewa na mshale unachezacheza. Halafu valvu ya kupunguzia presha, ambayo uchafu mdogo ukiikwamisha wazi, oili inarudi sampu bila kufika kazini. Ndipo nafungua kofia za beringi. Nikikuta beringi imelika mpaka rangi ya shaba imejitokeza, namwita mwenye gari aje aone mwenyewe.

Mshale unaokaa juu kabisa nao si wa kupuuzwa. Ukiwa juu tangu unapofungua swichi, injini haijawashwa, huo ni waya uliochubuka na kugusa chuma. Ukiona mishale ya oili, ya joto na ya mafuta yote imepanda pamoja, tazama kile kidhibiti umeme kilicho nyuma ya dashibodi. Lakini geji ya mkono nayo ikisema presha ni kubwa mno injini ikiwa ya moto, valvu ile imekwama ikiwa imefunga, au oili ni nzito kuliko injini inavyotaka.

Hapo nina neno kwa wanaouza magari. Kujaza oili nzito ili mshale usimame mbele ya mnunuzi, au kuweka washa, kile kipete cha chuma, nyuma ya springi ya valvu, ni kumwibia mtu. Geji inapanda, lakini beringi zinabaki zilivyo, na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemu, shafti inayofungua valvu za injini. Mnunuzi, njoo na geji ya mkono, na usikubali kupima injini ambayo haijapata moto.

Mshale unaolala kwenye kupanda au kwenye breki na kurudi ukiwa tambarare, mara nyingi ni oili iliyopungua: inakimbilia upande mmoja wa sampu na chujio linavuta hewa. Wanaopanda Manyovu na mzigo wanaujua huo. Unaochelewa kupanda asubuhi tu, wakati injini inagongagonga kidogo juu, nashuku filta feki isiyozuia oili kurudi chini usiku.

Na ukiwa njiani, sema kati ya Uvinza na Malagarasi, mshale ukalala na taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ikawaka, zima injini papo hapo. Usitafute kivuli, usitafute kijiji. Subiri dakika kumi oili iteremke, chomoa kijiti. Ikiwa chini, ongeza, washa, sikiliza. Ikiwa kwenye alama na mshale haupandi, kata simu zote za wanaosubiri mzigo utafute gari la kuvuta. Mama yule sasa anabeba kopo la lita tano nyuma ya kiti, na kila asubuhi dereva anaandika kwenye daftari la mzigo pale oili ilipofika kwenye kijiti, imepungua au imeongezeka.