Je, Wajua Kwa Nini Mwenye Shahada ya Uzamifu Huulizwa Maswali ya Mwaka wa Pili Anapotafuta Kazi ya Uhandisi?

Mtu aliyetumia miaka akiandika tasnifu kuhusu nishati ya mvuke wa ardhini, akaitetea mbele ya maprofesa na kuhitimu, hufika mbele ya jopo la mahojiano mjini Nakuru akiwa tayari kueleza utafiti wake. Badala yake anaulizwa kwa nini mvuke unaotoka visimani Olkaria hutenganishwa na maji kabla haujafikishwa kwenye mtambo wa kuzalisha umeme. Jibu ni kwamba matone ya maji yakipiga kwa kasi panga zinazozunguka ndani ya mtambo huzila, na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji hayo huganda juu ya panga hizo. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hulijua, na ndiyo maana baadhi ya wahitimu wa uzamifu huona kwamba wamedharauliwa. Hawajadharauliwa.

Uzamifu humzamisha mtu katika jambo moja jembamba kwa muda mrefu, huku masomo mengine aliyoyapitia yakisinzia. Mhandisi wa kituo cha umeme, kwa upande wake, hajichagulii tatizo: leo vali inavuja, kesho transfoma inapata joto kupita kiasi, na fundi anasubiri jibu kabla zamu haijaisha. Isitoshe, ni nadra kumpata msaili aliyebobea katika kipengele kile kile cha tasnifu yako, kwa hiyo jopo hupima yale ambayo wote waliomo chumbani wanaweza kuyahukumu kwa haki.

Tuchukue swali linalofaa kituo cha umeme wa maji kama Sondu Miriu, chenye uwezo wa megawati 60 katika Kaunti ya Kisumu. Tuseme, kwa mfano tu, maji yanashuka kimo cha mita 100, yakipita mita za ujazo 10 kila sekunde. Yatazalisha umeme kiasi gani? Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Zidisha kwa 9.81 ya mvutano wa ardhi, kisha kwa 10, kisha kwa 100, nawe utapata wati milioni 9.81. Kwa kuwa hakuna mtambo unaonasa nishati yote, ukikadiria ufanisi wa asilimia 90 utabakiwa na takriban megawati 8.8. Hesabu yenyewe ni fupi, lakini wasaili husikiliza namna mtu anavyoifikia: je, ametaja makadirio yake waziwazi, ameuliza ni kiasi gani kinachopotea kwa msuguano ndani ya bomba, amekumbuka kwamba mto hupungua wakati wa kiangazi? Anayeanza kwa kueleza modeli ya kompyuta aliyoiunda chuoni huwaacha wakijiuliza kama ataweza kuamua jambo akiwa na takwimu nusu na muda mchache.

Lipo pia swali la kwa nini hukubaki chuo kikuu kufundisha. Nyuma yake kuna hofu ya kweli kwamba utaajiriwa, ufundishwe kazi, kisha uondoke nafasi ya uhadhiri ikipatikana Maseno au Egerton. Hofu hiyo naiona imetiwa chumvi, lakini anayeijibu kwa kutaja kazi mahususi anayotaka kuifanya katika kituo kile huaminika kuliko anayesifu uzoefu kwa jumla.

Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni la kisheria. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011, cheo cha mhandisi wa kitaaluma hutolewa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na huhitaji angalau miaka mitatu ya kazi ya vitendo baada ya kuhitimu shahada ya uhandisi. Uzamifu peke yake hautoi cheo hicho. Kwa hiyo mwenye uzamifu anaweza kuketi mbele ya msaili asiye na shahada ya pili, lakini ambaye ana mhuri wa kuidhinisha michoro, na akaulizwa kwa heshima kabisa: umejisajili na Bodi? Aliyejisajili mapema kama mhandisi mhitimu, yaani daraja la kabla ya cheo hicho, akatafuta kazi za vitendo sambamba na utafiti wake, hulijibu swali hilo kwa kutoa cheti mkobani.