Nguvu za miili mitatu: pale 1/6 inapogeuka 1/2 bila kujua

Kueleza kiini cha atomi, nguvu kati ya nyukleoni (protoni na neutroni) mbili mbili pekee hazitoshi. Kiini cha tritiamu (protoni moja, neutroni mbili) hufungwa kwa nishati ya 8.48 MeV, lakini miundo mizuri ya nguvu hizo hutoa kati ya 7.6 na 8 hivi. Kwa hiyo V3, nguvu ya miili mitatu, lazima iingie. Kwenye viini vizito kidogo kompyuta haiwezi kuibeba nzima, ndiyo maana tunaikunja: nyukleoni ya tatu tunaijumlisha juu ya hali rejea (mpangilio wa nyukleoni tunaouchukua kama msingi), mara nyingi ya Hartree-Fock, yaani kila nyukleoni ikihisi wastani wa nyingine, iliyotatuliwa V3 ikiwa ndani.

Wengi huteleza kwenye vigawo. Tuseme W ni jumla ya elementi za V3 (thamani zake kati ya hali za nyukleoni), zikiwa na antisimetri (ishara hugeuka nyukleoni mbili zikibadilishana nafasi), nyukleoni zote tatu zikiwa kwenye hali rejea. Nishati ya hali hiyo hupata W/6. Sehemu ya mwili mmoja hupata nusu ya jumla juu ya nyukleoni mbili. Sehemu ya miili miwili hupata jumla nzima juu ya nyukleoni moja, bila kigawo.

Sasa mtu huichukua hiyo ya mwisho, huibandika kwenye programu yake kana kwamba ni nguvu ya kawaida ya miili miwili, na programu, kwa kuwa nguvu ya miili miwili huingia kwenye nishati kwa kigawo cha 1/2, humhesabia W/2. Mchango wa V3 umezidi mara tatu! Nishati ya nyukleoni moja moja nayo huzidi mara mbili. Kama programu inadai opereta za kawaida, zisizopangwa kwa hali rejea, ipe vipande vyote: miili miwili kama ilivyo, mwili mmoja wenye −1/2, na namba tupu W/6. Jumlisha: 1/6 − 1/2 + 1/2. Inarudi 1/6.

Jaribio langu la kwanza huwa hili: nishati ya Hartree-Fock kwa V3 nzima na kwa V3 iliyokunjwa lazima zilingane hadi desimali za mwisho. Zikitofautiana, usiguse hatua inayofuata.

Mabaki ya miili mitatu yanayotupwa baada ya kukunja huleta kosa la asilimia 1 au 2 hivi kwenye nishati ya viini kama 16O (oksijeni), mradi hali rejea ni nzuri. Mara nyingi tatizo kubwa zaidi ni E3max, kikomo cha jumla ya kwanta za oskileta (ngazi za nishati za hali tunazohesabia) za nyukleoni tatu. Kikomo cha 16 kinatosha viini vyepesi. Kwa 132Sn (bati, kiini kizito) hakitoshi, hata ukunjaji ukiwa sahihi kabisa.