98 kwenye oksimita si pumzi

Wiki hii nimeisikia tena: "Sista, mashine inasoma 98, mgonjwa yuko vizuri." Kila ninapowafundisha wauguzi hapa Tanga kumlaza kwa dawa mgonjwa wa kurudishwa bega lililoteguka au kupigwa endoskopi (kamera ya tumboni), kauli hiyo hainikosi.

Oksimita, kile kibanio cha kidoleni, haipimi pumzi. Inapima oksijeni iliyomo kwenye damu, na akiba ile haiishi mara moja. Mgonjwa mwenye mpira wa oksijeni puani anaweza kuacha kupumua na namba ikakaa palepale kwa dakika kadhaa. Ikianza kushuka haikungoji, na wewe ndiyo kwanza unauliza ambubegi, mfuko wa kumpulizia hewa, iko wapi. Asiyeamini namvisha oksimita, namwambia abane pumzi. Juzi dada mmoja alibana sekunde 50, macho yamemtoka, wenzake wanacheka. Nikawageuzia kioo cha mashine: 99. Vicheko vikakata.

Kwa hiyo shusha shuka, tazama kifua, weka kiganja karibu na pua, hesabu pumzi dakika nzima, andika namba. Sitaki kuona "anaendelea vizuri" kwenye fomu. Hiyo ni salamu. Penye kapnografu itumie: inasoma hewa ukaa inayotoka, pumzi ikikatika mstari unalala papo hapo. Iwepo isiwepo, muuguzi mmoja asimame kichwani kwa mgonjwa, kazi yake iwe hiyo tu. Asishikishwe mkasi, asitumwe nyuzi, hata daktari akifoka.

"Anakoroma, kalala fofofo." Anayekoroma njia yake ya hewa inaziba. Inua kidevu.

"Alikunywa chai tu." Chai gani? Kwa kazi iliyopangwa, isiyo ya dharura, chai ya rangi ni masaa 2 kabla ya kulazwa kwa dawa. Ukitia maziwa ni 6, na mahamri ya mafuta yakifuatia hesabu 8. Waulize hivyo hivyo, kwa majina ya vitu, maana Tanga hii chai haiji peke yake.

"Ketamini haigusi pumzi." Dawa hiyo ya usingizi isukume haraka mshipani uone. Ichome taratibu, isipungue dakika moja.

"Tumempa flumazenili, aende zake." Flumazenili, dawa ya kumzindua, huisha nguvu kabla ya midazolamu iliyomlaza, kwa hiyo anaweza kusinzia upya akiwa ndani ya daladala ya Pongwe. Abaki kitandani angalau masaa 2 tangu achomwe, kisha akabidhiwe ndugu. Bodaboda si ndugu.