Jicho la maiti halipotezi alama zake papo hapo

Barazani Mombasa, na hata kwa wataalamu wa kompyuta, utasikia kwamba mtu akishakata roho jicho lake halifai tena kumtambulisha. Dhana hii ina miaka, wala haikuzuka hivi hivi: konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, huingia ukungu, hukauka, na jicho hulegea.

Lakini airisi, lile duara la rangi linalozunguka mboni, ambalo michoro yake humtambulisha mtu kama alama za vidole, haifutiki kwa dakika chache. Watafiti wa Poland, Trokielewicz, Czajka na Maciejewicz, waliyapiga picha macho ya maiti kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Saa chache baada ya kifo, zaidi ya asilimia 90 yalitambulika. Ndani ya baridi ya mochari, nyuzi 6 hivi, baadhi yalitambulika hata baada ya siku 21.

Adui ni joto. Maiti iliyolala juani Likoni mwezi wa Februari si sawa na iliyowahiwa kutiwa kwenye friji. Tena, na hili ndilo husahaulika, lazima picha ya airisi ya kulinganishia iwe ilichukuliwa mtu angali hai. Kama haipo, mtarudi kwenye alama za vidole, meno au DNA.